Makala ya utafiti imeingia ndani ya ndoa yangu

BARUA

Mama Mshauri, jambo sana.

Ninaandika kutoka Lubumbashi, mtaa wa Katuba. Nina miaka 29, nimeolewa, na nina mtoto mmoja wa kike wa miaka sita. Ninasoma mwaka wa tatu katika chuo cha uuguzi hapa mjini. Nilianza masomo nikiwa nimeshazaa, na mume wangu ndiye anayelipa minervali, yaani ada ya chuo, mwaka kwa mwaka, bila kulalamika.

Binti yetu alizaliwa na mdomo wa juu uliopasuka. Alifanyiwa operesheni akiwa na miezi minane, na leo anaimba kwaya ya watoto kanisani. Kovu lake ni kama uzi tu. Lakini siku aliyozaliwa sitaisahau. Mama mkwe alifunua kitenge, akamtazama mtoto, akamfunika tena, akaniuliza mbele ya watu wote: "Ulikula nini? Ulifanya nini?" Tangu siku hiyo, kwenye kila kilio na kila harusi ya ukoo, swali hilo linanitangulia. Wakati wa mimba ile nilikuwa ninauza katika duka la vitenge mjini, ninatoka asubuhi na kurudi jioni. Mama mkwe amewahi kusema kwamba ni kule kutembea kwangu ndiko kulikoleta jambo hili.

Mume wangu anafanya kazi ya madini tangu kabla hatujaoana. Nguo zake za kazi huja nyumbani Jumamosi, mimi ndiye ninayezifua. Maji ya kwanza yanakuwa mekundu kama matofali, ya pili pia.

Wiki tatu zilizopita asistenti alitugawia makala za utafiti, kila mwanafunzi na yake, tuzieleze mbele ya wenzetu. Mimi niliangukiwa na makala iliyotoka mwaka 2020 katika jarida The Lancet Planetary Health. Inahusu kazi ya madini na watoto wanaozaliwa na kasoro, hapa hapa Lubumbashi. Mama, fikiria mshtuko wangu. Iko kwa Kiingereza. Usiku, mtoto akilala, nilikaa na simu ninatafsiri mstari kwa mstari. Mengi hayakuingia. Simu iliniambia kuna watoto 138 wenye kasoro na watoto 108 wa "udhibiti", nikadhani hao ni watoto waliowekwa chini ya uangalizi hospitalini. Lakini mstari mmoja niliuelewa: baba mwenye kazi ya madini, 5.5. Mara tano na nusu.

Nililia. Nililia kwa hofu, na sitakuficha, nililia pia kwa nafuu. Miaka sita nimebeba lawama, kumbe si mimi. Nilienda kuchapisha ukurasa huo, nikaukunja, nikauweka ndani ya Biblia.

Sasa sijui nifanye nini. Mume wangu anataka mtoto wa pili. Hajui kwamba tangu mwaka jana ninachoma sindano ya miezi mitatu kwa siri, kwa sababu niliogopa yasirudi yale yale. Baada ya makala hii ninaogopa zaidi. Nimwonyeshe? Nimwambie aache kazi, wakati kazi hiyo ndiyo inayotulisha na kunisomesha? Nimpelekee mama yake karatasi ili anyamaze? Na Ijumaa ijayo ninatakiwa kusimama mbele ya wenzangu zaidi ya arobaini, wengi wao wana baba, mume au kaka kwenye madini, nieleze namba ambazo mimi mwenyewe sizielewi.

Nisaidie kuisoma kwanza. Halafu nisaidie kuishi nayo.

Mama wa mmoja, Katuba

JIBU

Mwanangu, asante kwa kunifungulia moyo. Nimeitafuta makala yako, inasomeka bure kwenye intaneti, na nimeisoma mara tatu kabla ya kushika kalamu. Kwa hiyo tuongee kama watu wawili wenye karatasi moja juu ya meza.

Nikikusikia vizuri, una maswali mawili yaliyoshikana hadi yanaonekana kama moja. La kwanza: makala hii inasema nini? La pili: ni nani aliyesababisha mdomo wa binti yangu upasuke? Umechukua jibu la swali la kwanza ukaliweka kwenye la pili. Ninaelewa kwa nini. Mfa maji hukamata maji, sembuse karatasi yenye namba. Mtu aliyeulizwa "ulifanya nini?" kwa miaka sita ana haki ya kutafuta pumzi.

Lakini rudi kwenye muhtasari, kwenye sentensi ile ile yenye 5.5. Soma inavyoanza. Kabla ya akina baba wa madini, wametajwa akina mama wenye kazi ya kulipwa nje ya nyumba, na mbele yao kuna 2.8. Mwanangu, wewe ulikuwa kwenye duka la vitenge. Macho yako yaliruka hapo. Hata yangu yangeruka, kwa sababu msomaji mwenye kidonda huona kwanza kile kinachokipoza. Sasa mama mkwe akipewa ukurasa huo, na akapata mjukuu wa kumsomea, atakuwekea kidole juu ya hiyo 2.8 na kusema: si niliwaambia? Je, utakubali kwamba vitenge ndivyo vilivyopasua mdomo wa mwanao? Hutakubali, na mimi sikubali. Basi kwa kipimo hicho hicho, 5.5 haiwezi kusimama kama hukumu juu ya mumeo.

Tuisome sasa, na tusianze na muhtasari. Muhtasari ni dirisha la duka: vitu vizuri vimepangwa mbele, lakini bei na kasoro ziko ndani. Nenda kwanza kwenye aya ya mwisho ya utangulizi, pale watafiti wanaposema walitaka kujua nini. Andika swali lao kwa Kiswahili, kwa maneno yako, kwenye kipande cha karatasi. Usiendelee kabla hujaliandika. Utaona kwamba hawakuuliza "nini kilimpata mtoto huyu?" Waliuliza kama metali zinazowafikia wazazi, na mtoto akiwa bado tumboni, huenda zinachangia kasoro za kuonekana kwa macho. Wanatazama makundi. Mtoto mmoja mmoja hawamtafutii chanzo, na binti yako hata hayumo, kwa sababu watoto waliosomwa walizaliwa kati ya 2013 na 2015.

Kisha nenda kwenye sehemu ya mbinu. Ndipo wengi wanapochoka na kuruka, na ndipo utakapopata wale watoto wa "udhibiti" waliokusumbua. Simu ilikudanganya. Ni watoto waliozaliwa bila kasoro, waliochaguliwa ili wawe wa kulinganishia. Kifaransa cha vitabuni huwaita témoins, yaani mashahidi, na neno hilo ninalipenda. Unachukua watoto 138 wenye kasoro, unachukua mashahidi 108 wasio nazo, halafu unarudi nyuma kuwauliza akina mama wa pande zote mbili maswali yale yale: una kazi gani, baba wa mtoto ana kazi gani, ulikunywa vitamini? Wanapima pia metali kwenye damu na mkojo. Kama jibu fulani ni jingi upande mmoja kuliko mwingine, hapo kuna uhusiano. Uhusiano, mwanangu. Neno hilo wameliandika kwa uangalifu, na Ijumaa usilibadilishe kuwa "husababisha".

Sasa hiyo 5.5. Chukua mahindi makavu, uhesabu punje 1,000 kwenye sinia. Ninasema kweli, zihesabu, umwite na binti yako akusaidie. Makala inasema katika kipindi cha utafiti walizaliwa Lubumbashi watoto 133,662, na wale 138 wenye kasoro ya kuonekana kwa macho ni takribani mmoja katika elfu. Toa punje moja, uipake wino. Kwa hesabu ya makala hii, hiyo ndiyo hatari ya mji mzima. Hatari ikiongezeka mara tano na nusu, kwa makadirio utapaka punje tano au sita. Tazama sinia. Zaidi ya 990 zimebaki vile vile. Wewe uliposoma "mara tano na nusu", nadhani moyoni uliona nusu ya sinia imekuwa nyeusi.

Sisemi hivyo ili upuuze. Punje sita badala ya moja, kwa mji wenye wafanyakazi wengi wa madini, ni watoto wengi na mama wengi kama wewe. Tena waliohesabiwa ni wale tu walioonekana na kuripotiwa, hivyo hiyo moja katika elfu inaweza kuwa pungufu.

Pembeni ya 5.5 kuna namba mbili ambazo hukuziandika katika barua yako: 1.2 na 25.0. Hizo ni mipaka. Watafiti wanakiri kwamba kwa data walizonazo, ongezeko la kweli linaweza kuwa dogo sana, karibu kama la watu wengine, au likawa kubwa mno, mara 25, na 5.5 ni kadirio lililo ndani ya mipaka hiyo. Anayekwambia gari la kutoka Likasi litafika kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni hajakudanganya, lakini huwezi kumpikia mgeni bukari, yaani ugali, kwa hesabu hiyo. Mipaka ikiwa mipana hivi, kwa kawaida ni kwa sababu watu waliohesabiwa katika kundi hilo ni wachache. Hata hivyo mpaka wa chini haukushuka hadi 1, ambayo ingekuwa na maana ya hakuna tofauti. Ndiyo maana wamelichukulia jambo hili kwa uzito. Ishara ipo. Ukubwa wake haujulikani vizuri.

Kuna sehemu nyingine iliyonigusa zaidi ya zote. Ungetegemea kwamba kama vumbi la madini ndilo lenye kosa, kobalti au shaba itakuwa nyingi zaidi miilini mwa watoto wenye kasoro na mama zao. Hawakuliona hilo. Walichoona ni metali nyingine mbili, manganizi na zinki, kwenye damu ya kitovu, nazo hazichimbwi Lubumbashi. Wakaandika waziwazi kwamba hawaelewi inatokeaje. Wanasayansi wa Lubumbashi na wa Leuven kule Ubelgiji, waliofanya kazi hii miaka mingi, wanasema mbele ya dunia nzima: hapa hatujui. Wewe umetafuta uhakika kwenye karatasi ambayo wenyewe hawakuuweka. Wala si kwamba hofu yako haina mahali pa kukaa. Tangu 2009, baadhi ya watafiti hao walishachapisha vipimo vya mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya madini Katanga, na kobalti waliyoikuta ilikuwa miongoni mwa viwango vya juu kabisa kuwahi kuripotiwa kwa watu wa kawaida. Vumbi lipo. Swali la watoto ndilo ambalo bado halijafungwa.

Nisisahau vitamini. Mama waliokunywa vitamini wakati wa mimba walikuwa na 0.2, yaani kasoro zilionekana kwao kwa uchache. Hapa pia jiulize kama muuguzi: mama anayepata vitamini huenda ndiye anayekwenda kliniki, ndiye mwenye kipato. Huenda faida si ya vitamini peke yake. Lakini asidi ya foliki haitegemei makala hii moja. Imeshapimwa kwa majaribio makubwa kwamba inapunguza kasoro za uti wa mgongo, na Shirika la Afya Duniani linashauri mikrogramu 400 kila siku tangu mwanamke anapoanza kutafuta mimba hadi wiki ya 12. Kwa mdomo uliopasuka ushahidi wake si thabiti hivyo. Siku ukiamua kuacha sindano ili utafute mimba, anza na foliki kabla, kwa ushauri wa kliniki.

Haya, sasa nyumbani.

Unaweza kumwonyesha mumeo ukurasa ule ulioukunja. Hatari yake ninaiona: umechukua mstari mmoja ukauweka ndani ya Biblia, na ukiutoa humo utatoka kama neno la mwisho. Mwanamume aliyetoka kufanya kazi juma zima kwa ajili ya minervali yako atasikia "wewe ndiye uliyemharibu mtoto". Anaweza kukasirika. Anaweza pia, na hili linanitisha zaidi, kunyamaza na kuacha kazi kesho yake bila kujua mtakula nini. Makala haikupima kama baba akiacha kazi mtoto anayefuata anakuwa salama. Hakuna aliyeuliza hilo.

Unaweza kuendelea kunyamaza. Sindano inakununulia muda, na sikulaumu. Mwili ni wako na hofu ilikuwa ya kweli. Ila siri ya namna hiyo ina siku yake. Kadi ya kliniki huanguka kutoka kwenye mkoba, jirani huongea. Siku hiyo hamtazungumza tena habari ya vumbi, mtazungumza habari ya uaminifu. Je, ungependa mazungumzo yapi kati ya hayo mawili, na ungependa uyaanzishe wewe au yakukute? Sina jibu lako. Unamjua mumeo, mimi simjui.

Kuna mambo madogo katikati ya kuacha kazi na kukaa kimya. Kuna kuoga na kubadili nguo kabla ya kurudi, pale kazini panaporuhusu. Kuna kutochanganya nguo zake na za mtoto, kuzilowesha kabla ya kuzikung'uta ili vumbi lisipande, kuvaa glavu wakati wa kufua. Kuna kuuliza kama anaweza kuhamishwa sehemu yenye vumbi kidogo. Hakuna namba hata moja ya makala hii inayoniambia kwamba hayo yatamlinda mtoto wa pili. Ni busara ya kawaida kwa nyumba yenye maji mekundu Jumamosi.

Mama mkwe ni jambo jingine, na hapa ninakuomba umwonyeshe upole asioustahili. Karatasi haitamnyamazisha. Alipofunua kile kitenge alishtuka, akatafuta sababu, akaishika ya kwanza iliyokuwa karibu, nayo ilikuwa wewe. Miaka sita baadaye nawe umeshtuka mbele ya simu, ukashika iliyokuwa karibu, nayo ni mwanawe. Midomo ya namna hii hutokea duniani kote, kwenye miji isiyo na hata jiwe moja la shaba, na mara nyingi hakuna daktari anayeweza kumwambia mama ni kwa nini. Pengine unachohitaji kwake ni mumeo amwambie, siku moja, mbele ya watu kama yeye alivyosema mbele ya watu: mama, usimuulize tena mke wangu swali hilo. Lakini hawezi kulisema kama hajui linavyokuuma. Umeshawahi kumwambia? Katika barua yako sikuliona.

Kuhusu Ijumaa. Simama na swali lao ulilolitafsiri, eleza mashahidi ni nani, halafu beba punje zako. Zimwage mezani. Wenzako wenye baba na kaka madini watakuuliza: kwa hiyo waache kazi? Una ruhusa ya kusema kwamba makala haijibu hilo, na useme inajibu nini. Fungua sehemu ya mwisho, pale wanapotaja mipaka ya kazi yao, usome mbele yao polepole bila kuiruka. Ya binti yako si lazima uyataje. Hakuna asistenti anayestahili kukutoza hayo. Ukiona sauti inatetemeka kwenye mstari wa 5.5, kunywa maji, endelea na mipaka yake.

Na kabla ya Ijumaa, kama utaona inafaa, jaribu jambo hili. Usiku mmoja, mtoto akilala, usimpe mumeo ukurasa ule mmoja. Mwombe akusaidie kazi ya shule, mkae na makala nzima. Nendeni pamoja kwenye sehemu ya mbinu, pale walipouliza baba anafanya kazi gani. Wao walipata jibu fupi, la kuandikwa kwenye fomu. Yeye anajua ni sehemu gani ya kazi, vumbi linatoka wapi, nani ana barakoa na nani hana, wanaoga wapi. Mpe kalamu ya risasi, aandike pembeni.

Niandikie aliandika nini.

Mama Mshauri